Dakika za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Mrefu,

Habari za huko? Mimi mzima, ila siketi. Tangu asubuhi nimehamisha meza yangu mara mbili, kwanza mbali na dirisha, halafu karibu na dirisha, mpaka mhasibu ameniuliza kama nimekalia siafu. Sababu ni kitabu. Ofisi imeamua kutoa mwongozo wa wageni wa pwani yetu, ambayo hapa mjini wengi hawajui hata kama ina barabara, na kazi nimepewa mimi kwa kuwa ndiye pekee ninayetoka huko. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tano. Kitabu kikipendeza nitaajiriwa moja kwa moja. Kikichusha nitarudi kupiga chapa barua za watu wengine. Mkuu wa kitengo ameniambia hivyo hivyo, huku anatafuna karanga.

Kwa hiyo niandikie vivutio vyote, na kila kimoja unipe kitu ambacho mgeni hatakipata kwingine. Mnara wa taa na ngazi zake (zihesabu, usikisie), pango linalokoroma, mifupa ya nyangumi, madimbwi ya miambani. Lakini kubwa ni njia ya mchanga ya kwenda kisiwani. Tangu dhoruba ya mwaka juzi mchanga umehama na vipimo vya zamani sivitegemei. Nataka namba moja tu. Maji yakishapwa kabisa, mgeni aliyeko kisiwani ana dakika ngapi za kuanza kurudi kabla mkondo haujamfungia pale Kiunoni, njia inapobanwa? Lazima ichapwe, maana wageni wengi watakuja bila mtu wa kuwaongoza.

Apime Baba. Wewe mshikie saa tu. Miaka thelathini na moja amevusha watu pale na hajapoteza hata kiatu cha mtu. Ila unamjua. Basi la saa mbili alituambia ni saa moja na dakika ishirini, na kwenye harusi ya shangazi tulifika viti havijapangwa. Wageni nao huwanyima dakika arobaini kila siku, kwa kuwa lazima mmoja atarudia kofia na mwingine atataka picha. Marehemu Mama alikuwa akiziita dakika za Baba, na sisi sote tulijifunza kuzirudisha kichwani bila kumwambia.

Msalimie sana. Miwani imemfaa, au macho bado yanamsumbua?

Dada yako


Alhamisi, 6 Machi

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako kwa dereva wa basi, imekunjwa ndani ya kofia yake. Kazi yako nimeifanya, tena kwa viatu vyangu mwenyewe.

Mnara wa kule kisiwani una ngazi mia moja na kumi na mbili. Nilipokuwa nashuka nilipata mia moja na kumi na moja. Chagua. Pango linakoroma maji yakijaa nusu; mgeni mmoja mwezi uliopita aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani kalala mle, na sikumharakishia jibu. Mifupa ya nyangumi bado iko kwenye ghala la zamani la samaki. Mbavu ni kumi na mbili upande mmoja na kumi na moja upande wa pili, kwa sababu mmoja ameuchukua mama wa chai kuegemezea paa la kibanda chake, na harudishi. Kwenye madimbwi waambie waangalie tu. Mgeni mmoja mwaka jana alibeba viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, kwenye begi, na kwa uvundo basi zima likateremka kabla ya kituo. Ndege weupe wanaiba chakula. Sijui mnaandikaje hiyo kiofisi. Labda “ndege wachangamfu”.

Njia ya mchanga tumeipima siku tatu mfululizo. Namba ni dakika sabini. Ukipitisha hapo, maji yananifika magotini Kiunoni na mkondo unaanza kuvuta mguu.

Baba hajambo kabisa. Miwani imemfaa. Jana kavusha watu sita.

Mimi ndiye si mzima, Dada. Si ugonjwa. Nimechoka kusimama mahali pale pale nikionyesha watu kitu kile kile. Juzi nilianza maelezo ya mnara, “karibuni, jengo hili”, nikageuka nikakuta wageni walishaondoka, nazungumza na mbuzi. Uliahidi kuniulizia kwenye ile kampuni ya meli huko bandari kuu. Ulizia tena. Miguu inaniwasha.

Mdogo wako,
Mrefu


Jumatatu, 17 Machi

Mrefu wangu,

Umenichekesha mpaka mhasibu akafunga mlango. Mbuzi nimemwacha nje ya kitabu. Ubavu wa nyangumi nimeuweka, na mama wa chai akinuna mwambie amekuwa kivutio.

Mkuu amekisoma chote kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kalamu yake nyekundu iligusa mahali pamoja tu, zile dakika sabini. “Mgeni apande ngazi zote hizo, apige picha, aibiwe na ndege wachangamfu, halafu aanze kukimbia?” Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwenye namba hiyo namfahamu, nimelelewa naye. Nimeiweka sawa, na kurasa zimekwenda kiwandani Ijumaa. Jina langu liko nyuma ya jalada. Dogo, lakini lipo.

Sasa lako. Niliyesoma naye sasa ni karani wa ile kampuni ya meli. Usaili ni Jumamosi, tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi. Utalala kwa shangazi. Baba usimwambie mpaka upate, asije akaanza kukuaga kabla hujaondoka. Siku tatu nne bila wewe hazitamsumbua, si bado anavusha watu mwenyewe.

Piga pasi shati. Na ukiulizwa kwa nini unaitaka kazi, usitaje mbuzi.

Dada yako


Alhamisi, 27 Machi

Dada, shikamoo.

Nashukuru mno. Viatu nimevipaka rangi mara mbili na bado wiki mbili zimebaki. Baba nimemwambia naenda kumjulia hali shangazi. Akacheka, akauliza tangu lini shangazi anatembelewa na viatu vya ngozi. Kisha akavua mkanda wake akanipa. Sijui amejua au hajajua. Siwezi kukaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu siku hizi, natoka, narudi, natoka.

Umefanya vizuri kuiweka sawa ile namba. Nilijua hutaacha sabini tupu.

Kuna jambo kuhusu Baba nataka tuzungumze, ila si la barua. Tutaonana.

Mdogo wako,
Mrefu


Jumamosi, 12 Aprili
Kwa Shangazi

Dada,

Hii anakuletea utingo wa basi la mchana. Nimemsihi aiweke mkononi mwako, asimwachie mlinzi.

Nilifika kwenye usaili saa tatu na nusu. Kwenye meza ya kusubiria wameweka kitabu chako. Nilifurahi, Dada, nikamwonyesha jirani yangu jina lako. Halafu nikafungua ukurasa wa kumi na tisa. “Mgeni aanze kurudi kabla ya kutimia saa moja na dakika arobaini tangu maji kupwa.” Nikasoma mara tatu. Wakaniita kwa jina, sikusikia, wakaita mwingine. Nimetoka bila kuingia.

Dakika mia moja. Ni nani aliyeandika mia moja? Kama ni kiwanda kimekosea, kisimamishwe leo. Nimepiga simu ofisini kwenu mara sita, inaita tu, leo Jumamosi. Simu ya bandari kwetu haijatengenezwa tangu dhoruba. Yule wa mapokezi wa kampuni ya meli anasema vitabu vimeshagawiwa vituo vyote vya basi tangu Jumatano.

Sasa nikwambie lile lisilo la barua. Baba hajavusha mtu tangu mwezi wa kumi na moja. Jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona mwanga na vivuli. Miwani haikufaa kitu. Alinikataza kukwambia, alisema utaacha kazi na kuja kumshika mkono. Njia niliipima peke yangu, kwa fimbo na saa, na yeye sikumwambia hata kwamba napima. Ningemwambia, ningekuwa nimemwambia kwamba sasa mwenye njia ni mimi.

Kwa hiyo sabini ni sabini kweli. Hazina dakika zake ndani. Nilidhani wewe ndiye utakayezitoa kabla hujachapa, kwa kuwa ni binti yake. Na nilipima kwa miguu yangu, Dada. Goti langu ni kiuno cha mtoto.

Basi la kwetu ni mpaka Jumanne. Kesho kuna lori la chumvi, litanifikisha njia panda, iliyobaki nitatembea. Shangazi ananiambia nikae nile. Siwezi kukaa.

Mrefu


Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Utingo amenikuta mlangoni asubuhi hii. Kiwanda hakikukosea. Ni mimi.

Niliona sabini nikasema huyu ni Baba, kaficha arobaini zake, kwa hiyo kweli yenyewe ni mia moja na kumi. Nikawapa wageni thelathini kati ya hizo, nikabakiza kumi kwa usalama. Tena nilijiona mjanja. Nilicheka peke yangu kwamba safari hii mzee hajaniweza. Sikukuuliza. Barua moja tu ya kuuliza, dereva angeiweka kofiani, na haya yote yasingekuwapo.

Nimepanda kwa mkuu nikamwambia vitabu virudishwe vyote leo, namba ina kosa. Anasema kikao ni Jumatatu ijayo, kosa dogo halisimamishi ofisi. Nimepiga simu kituo cha polisi cha wilaya, wameandika jina langu kwenye daftari na kuniuliza kama kuna mtu ameshazama. Nikasema sijui. Wakasema basi nikijua nipige tena.

Tangu saa tatu natembea kwenye korido hii kutoka ngazi hadi choo na kurudi. Ungeniambia kuhusu macho yake ningekuja. Najua, ndiyo sababu hukuniambia. Usinijibu hilo.

Ukifika, kaa ufukweni. Ukimwona yeyote ana kitabu mkononi, mnyang'anye.

Dada yako


Jumanne, 15 Aprili

Dada,

Niseme kwanza, hakuna aliyekufa.

Nilifika jana jioni na mambo yalikuwa yameshatokea. Ilikuwa juzi, Jumapili. Alikuja mwalimu mmoja na mkewe na binti zao wawili, wa miaka tisa na wa miaka sita, wakiwa na kitabu. Maji yalipwa saa nane. Walipanda mnara, wakaona ndege, wakaanza kurudi saa kumi kasoro dakika ishirini kama walivyoelekezwa. Hawakuchelewa hata dakika moja. Mwalimu anasema binti mkubwa ndiye aliyeshika saa.

Mama wa chai anasema alimwona Baba katoka nje, kasimama kainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Maji yakifika Kiunoni hubadilika sauti, yeye anaijua. Akaingia ndani, akatoka na ile kamba ya msumarini, akateremka peku. Mama wa chai akamwita, hakugeuka. Ndani ya maji alikuwa akipaza sauti, “Ongeeni, msinyamaze, ongeeni.” Ndivyo alivyowapata, kwa sauti. Mwalimu alikuwa na mdogo mabegani na maji yako kifuani. Baba akawafunga kamba wote, akambeba yule wa miaka tisa mgongoni, akaanza kuwatoa kwa kupapasa mchanga mgumu na nyayo zake. Walitumia karibu saa nzima. Mke wa mwalimu alikunywa maji mengi, yuko hospitali ya wilaya, wanasema kesho atatoka. Watoto wazima.

Baba amelala. Nyayo zimechanwa na chaza na anakohoa kikohozi kibaya. Asubuhi hii alikuja afisa wa wilaya. Baba akamwambia kuwa wageni wale waliulizia muda kwake, na yeye ndiye aliyewapa muda mbaya. Afisa akamnyang'anya beji yake ya kuongozea wageni. Nikasema, Baba, hiyo si kweli, muda uko kitabuni. Akaniambia nikachemshe maji.

Barua yako imefika kwa basi la leo. Nimekukasirikia, Dada, sitakuficha. Nimejikasirikia zaidi. Wewe hukumuuliza, na mimi nilihakikisha hakuna wa kumuuliza.

Mrefu


Alhamisi, 17 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni mama wa chai, usishangae mwandiko. Mrefu nimemtuma dukani kununua kitu ambacho najua hakipo, ili tumalize kabla hajarudi.

Sikiliza. Yule afisa atakuja na ofisini kwenu. Akikuuliza namba ile ilitoka wapi, mwambie ilitoka kwa mzee, na mzee hana macho. Basi, mambo yameisha. Mimi sivushi tena watu. Beji ile ilikuwa inanivuta shati tu. Wewe una mkataba, una miaka mingi mbele ya kufanya kazi unayoipenda. Hilo nalijua kwa jinsi unavyoandika, maana kitabu nimesomewa chote. Pale kwenye pango nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.

Wale wageni waliniuliza mlangoni nikawapa muda mbaya. Nimezeeka. Usianze kuuliza maswali.

Nyayo zinapona. Mrefu hajaniambia viatu vya ngozi vilikuwa vya nini, lakini karani mmoja wa meli ameandika akiuliza mbona hakuingia, na kwamba wanaweza kumwona tena. Nitamwambia aende. Asipokwenda nitamfukuza.

Baba yako

Mimi mwandishi naongeza: ubavu wa nyangumi haikuwa lazima kuuandika. Watu wanakuja kuupima kwa mikono na hawanunui chai.


Jumatatu, 21 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua hii akusomee Mrefu, na usimtume popote mpaka aimalize.

Yako niliipata Jumamosi. Nitakwambia ukweli ulivyo. Nilifurahi. Nilikaa kitandani, barua mapajani, nikaona nimepona, Baba kanitoa. Nikapika, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Jumapili nayo ikapita hivyo hivyo, ila kila nilipokaa niliinuka.

Leo saa tano nimesimama kwenye kikao mbele ya mkuu na yule afisa. Nimewaambia kwamba namba ilipimwa na mdogo wangu, kwamba ilikuwa sahihi, na kwamba mimi niliibadilisha bila kumuuliza mtu yeyote. Nimewapa na maandishi yenye sahihi yangu. Vitabu vinakusanywa kuanzia leo mchana. Kuhusu mkataba mkuu amesema tusubiri, lakini amesema akiwa anaangalia karanga zake, kwa hiyo nimeshaanza kupanga vitu vyangu kwenye sanduku. Afisa amenikabidhi beji yako. Nakuja nayo Ijumaa.

Sasa nikueleze kilichoniinua, kwa sababu, nisikudanganye, si ushujaa.

Kabla ya kikao alikuja mwalimu. Nilimjua kwa kitabu, kimevimba kwa maji ya chumvi na kurasa zimegandana. Nilidhani kaja kunitukana, nikajiandaa. Kumbe alikuja kuiombea beji yako. Mkewe yuko nyumbani, anakula. Akanieleza kwamba walipopita kwako uliwaambia nusu saa, warudi nusu saa baada ya maji kupwa, kama ulivyowaambia watu miaka yote. Yeye akakwambia, mzee, kitabu kinasema saa moja na dakika arobaini. Kisha ukamuuliza kimeandikwa na nani. Akageuza nyuma ya jalada, akakusomea jina langu.

Anasema ulicheka. Anasema ulisogea kutoka mlangoni ukawapisha njia, ukamwambia, “Huyo ni binti yangu. Akiandika, basi amepima. Nendeni.”

Baba, sikupima.

Mwanao